Nani anawalipa wale vijini? Namna za kupigana mezani, toka Lake Geneva hadi Kasongo

Mara ya mwisho niliandika hapa juu ya mihogo na ugonjwa wa mozaiki, na wengi mlilalamika kwamba ni ndefu kuliko TFC. Leo naleta mchezo. Lakini msifikiri ni mambo ya watoto. Ni historia, na sehemu kubwa ni historia yetu sisi wa Kasongo na Kabambare.

Nianze Bukavu. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa lisansi ya agronomia, tuko sita katika nyumba moja ya kupanga, umeme unakuja saa sita ya usiku na kuondoka alfajiri. Mwenzetu mmoja alikuwa na sheria za bure za Dungeons & Dragons ndani ya simu yake, kwa Kifaransa. Kwa wasioujua, mchezo wenyewe uko hivi. Mtu mmoja anakuwa mwamuzi. Yeye anaeleza mahali: hapa kuna pango, kule kuna mto, mbele yenu kuna mlango wa chuma. Wengine kila mmoja ana mhusika wake kwenye karatasi, mpiganaji, mchawi, mwizi, padri, na nguvu zake zimeandikwa kwa namba. Unasema mhusika wako anafanya nini, unatupa dadu, mwamuzi anakuambia kilichotokea. Hakuna ubao wa lazima, na hakuna mwisho wa lazima. Dadu yenye nyuso ishirini hatukuwa nayo. Tulitumia programu ya simu, na simu ikizimika tulitumia vikaratasi ishirini ndani ya kofia.

Tulicheza vizuri sana, ata nikisema mwenyewe. Mpiganaji mbele, padri nyuma yake, mchawi pembeni, mwizi anazunguka. Adui mwenye nguvu tunamzingira, adui dhaifu tunamaliza kwanza ili wapunguke. Kila pambano lilikuwa limepimwa kulingana na sisi: tunaumia, tunatetemeka, lakini mwisho tunashinda, tunahesabu nukta za uzoefu, wahusika wanalala, kesho tunaendelea. Ilikuwa kama mechi ya mpira. Timu mbili, uwanja mmoja, kipenga.

Kisha nikarudi Salamabila likizo.

Jioni kwetu hakuna mengi ya kufanya. Vijana watano wa karibu na nyumba walikuja chini ya mwembe wetu, nikawafundisha mchezo kwa Kiswahili. Wawili kati yao walikuwa wamekaa msituni na silaha, mmoja karibu miaka miwili. Kikundi gani sitaji, na jina lake sitaji. Alikuwa amerudi, anachimba dhahabu kidogo, anamsaidia mama yake shambani.

Niliwawekea pambano la kwanza, rahisi, lile tulilolifanya sisi Bukavu siku ya kwanza. Kuna daraja, na vijini sita wabaya wamelishika, wale wadogo wenye meno wa hadithi za Ulaya, wanadai ushuru. Nilikuwa nimehesabu: nusu saa ya vita, mmoja wenu ataumia, mtashinda. Nikauliza, mnafanya nini?

Kimya. Halafu yule wa msituni akauliza: "Yaya, bale bijini banakula nini?"

Sikuwa na jibu. Kitabu hakisemi. Nikasema, labda samaki wa mto.

"Nani anabalipa?"

Nikasema, basi, kuna mkubwa wao kule mlimani.

"Anabalipa kila mwezi, ao anabaambia bajilipe ku barabara?"

Hapo nilianza kukasirika kidogo. Mchezo wangu ulikuwa unaharibika. Wakakaa shauri dakika kumi. Wakarudi nyuma hadi kijijini, kijiji ambacho mimi sikuwa nimekipa ata jina, wakanunua mihogo na samaki kavu, wakamtuma mmoja tu, mwembamba kuliko wote, bila silaha. Mwisho wa jioni, vijini wanne kati ya sita walikuwa wanafanya kazi kwao, wawili wamekimbia, na hakuna tone la damu lililomwagika. Mimi mwamuzi nilikuwa na karatasi zangu za vita mkononi, bure kabisa.

Nililala na hasira. Nilijiambia hawajui kucheza. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu wa kutafuta asili ya mbegu, nikaanza kutafuta asili ya ule mchezo, na nikakuta aibu ni yangu.

Mchezo huu ulizaliwa ndani ya jeshi. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia aitwaye von Reisswitz alitoa sheria za Kriegsspiel, mchezo wa vita juu ya ramani, wa kufundishia maofisa: vipande vya vikosi, dadu za kuamua hasara, na mwamuzi katikati anayejua siri za pande zote mbili. Hapo tayari mwamuzi yuko. Miaka mingi baadaye, mwaka 1876, jenerali mwingine wa kule, Verdy du Vernois, alipendekeza kupunguza majedwali na hesabu, mwamuzi aliyeona vita aamue kwa akili yake. Kwa hiyo ugomvi kati ya "fuata kitabu" na "fuata akili" una miaka karibu mia moja na hamsini.

Mchezo ukatoka kambini ukaingia kwa raia. Mwaka 1969 huko Minneapolis, Marekani, David Wesely aliwapa wachezaji wake mji wa kubuni unaoitwa Braunstein. Badala ya kila mmoja kuwa jeshi, kila mmoja akawa mtu: meya, mwanafunzi, mkuu wa benki. Mmoja wa wachezaji wale, Dave Arneson, akaanzisha nchi yake ya ndoto, Blackmoor. Gary Gygax wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, alikuwa ametoa mwaka 1971 sheria za vita vya zama za mapanga pamoja na Jeff Perren, na ndani yake kulikuwa na sehemu ya wachawi na majoka. Gygax na Arneson wakaunganisha mambo, na Januari 1974 Dungeons & Dragons ikatoka, nakala elfu moja za kwanza, vijitabu vitatu ndani ya boksi.

Na katika vijitabu hivyo vya 1974, ndugu zangu, lile swali la "nani anawalipa" limo. Kuna jedwali la dadu mbili la kuona kiumbe uliyekutana naye anakupokeaje. Anaweza kukushambulia, anaweza kusita, anaweza kukubali kukutumikia ukimwahidi kitu. Ukimpa zaidi, dadu inakwenda upande wako. Kisha uaminifu wake nao unapimwa: ukimlipa vibaya au ukimpeleka kwenye kifo, anaweza kukuacha. Tena, katika sheria hizo za mwanzo, dhahabu unayotoka nayo pangoni nayo ilikuletea nukta za uzoefu. Mhusika wa daraja la kwanza alikuwa na uhai wa dadu moja tu, pigo moja anaanguka. Fanya hesabu mwenyewe: kama vita inaua haraka, na dhahabu inalipa bila vita, mtu mwenye akili anafanya nini? Anazunguka. Anatega. Anahonga. Anafurika pango na maji ya mto. Akiona hali mbaya anakimbia bila haya.

Baadaye mambo yakageuka. Toleo la tatu, mwaka 2000, lilileta namba kwa kila adui ili mwamuzi apime pambano lilingane na nguvu za wachezaji. Toleo la nne, mwaka 2008, lilikwenda mbali zaidi: miraba ya sakafu, kila mhusika na kazi yake katika timu, nguvu zinazotumika mara moja kwa kila pambano na kurudi pambano likiisha. Toleo la tano la 2014, lile la simu ya mwenzetu, lililegeza kidogo, lakini kile kipimo cha pambano kilibaki. Hivyo sisi wa Bukavu tulikuwa tumerithi ile namna ya mechi bila kujua kwamba kulikuwa na nyingine.

Wachezaji wa Ulaya na Marekani wanagombana sana juu ya namna hizi mbili. Wengine wanasema vita ya mezani iwe kama mashindano: haki, kipimo, ustadi wa kutumia nguvu zako pamoja na wenzako. Wengine wanasema iwe kama vita yenyewe: kazi kubwa inafanyika kabla ya upanga kutoka, na ukijikuta katika pambano la haki ujue umeshakosea mahali. Mimi sikatai ile ya kwanza. Ina raha yake, na mtu aliyechoka na mitihani hataki kila jioni kuulizwa chakula cha vijini. Ila niliona kitu: vijana wa Salamabila hawakuhitaji kufundishwa ile ya pili. Nilijiuliza waliipata wapi. Jibu rahisi ni msituni, na sehemu yake ni kweli. Lakini watatu hawakuwahi kushika bunduki, na walicheza vilevile.

Nadhani waliipata kwenye bao.

Chini ya mwembe uleule, mashimo ya bao yako ardhini tangu sijazaliwa. Mzee jirani yetu anacheza kila siku, kete ni mbegu za ngazi. Pwani wanatumia komwe, mbegu za mkomwe, Caesalpinia bonduc, ngumu na laini mkononi. Kwetu ngazi zinatosha. Nimecheza na huyo mzee toka darasa la nne la msingi na sijawahi kumshinda zaidi ya mara tatu.

Wengi wenu mnajua bao la kienyeji, lakini nitaje sheria za bao la Kiswahili, juu ndimo hoja yangu ilimo. Mashimo 32, safu nne za nane nane, mbili kila upande, kete 64. Kila mtu ana 32. Mwanzo ni kumi tu zilizo ubaoni: sita ndani ya shimo linaloitwa nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili jirani. Nyingine 22 ziko mkononi, akiba. Hatua ya kwanza ni namua, kila zamu unaingiza kete moja. Akiba ikiisha inaanza mtaji, unapigana na zile zilizo ubaoni tu. Ukiingiza kete katika shimo lako la mbele lenye kete, na shimo la adui linalolitazama lina kete pia, umekula. Na kete ulizokula unazifanya nini? Huziweki pembeni. Huzirudishi kwenye boksi. Unazipanda upande wako mwenyewe, moja moja, kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele. Ya mwisho ikiangukia penye kete na mbele yake kuna kete za adui, unakula tena na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, imelala, zamu imeisha.

Linganisha na sataranji. Askari wa sataranji akiliwa anatoka ubaoni, na ubao unazidi kuwa mtupu hadi mwisho. Katika Dungeons & Dragons adui ana nukta za uhai, zinapungua hadi sifuri, anakufa, unahesabu. Katika bao hakuna kete inayokufa. Mwanzo wa mtaji zipo 64, mwisho wa mchezo zipo 64. Kete iliyokuwa inakupiga asubuhi, jioni inakupigania. Kwa hiyo mchezaji wa bao haulizi "nitawaua wangapi?" Anauliza "wale watakuwa wa nani zamu tatu kutoka sasa?" Ndilo lile swali la nani anawalipa.

Halafu kuna mambo mawili mengine. Kula ni lazima: ukiweza kula, huna ruhusa kukataa. Basi mchezaji mwerevu anakuachia kete tatu za bure mahali fulani, unalazimika kuzila, mkono wako unapitia mashimo yako na kuyafungua kwake. Mzee amenifanyia hivyo mara mia. La pili, safu ya nyuma hailiwi, lakini safu yako ya mbele ikibaki tupu umeshindwa, hata kama nyuma una kete ishirini na tano. Ushindi huo wa mzee juu yangu ndio wa kawaida. Mimi ni mtu wa ghala. Nafunga nyumba yangu, naijaza, naifurahia kama mkulima anayehesabu magunia. Mzee anasafiri mapema: akifikia nyumba yake anaivunja na kuitawanya kote, anabaki bila akiba kubwa popote lakini ana kete kila mahali, na mimi sina cha kula kikubwa. Siku akifanikiwa kuila nyumba yangu ikiwa imejaa, mchezo umekwisha, kete kumi na tano au zaidi zinahamia kwake kwa mkupuo. Kuna wachezaji wa aina yangu na wa aina yake katika kila kijiwe, na wanadharauliana. Mzee husema mimi nacheza kama mwenye duka.

Majirani wana namna zao. Omweso ya Uganda na igisoro ya Rwanda ni safu nne na kete 64 vilevile, lakini kete zote ziko ubaoni toka mwanzo, hakuna akiba ya mkononi, na wachezaji wakubwa wa omweso wanajipangia kete wanavyotaka kabla ya kuanza, kama jenerali anayepanga jeshi usiku. Huko ukila unachukua mashimo mawili, la mbele na la nyuma yake, kwa hiyo hakuna mahali pa kujificha. Na Kasai, mfalme Shyaam aMbul aNgoong wa Wakuba, wa karne ya 17, amechongwa ameketi na ubao wa mchezo wa jamii hii mbele yake. Sanamu iko London, British Museum, tangu 1909. Mfalme mwenyewe aliyechagua alama ya utawala wake angeweza kuchukua mkuki.

Sasa niende Kasongo, nyumbani.

Mnajua Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyefanya Kasongo makao yake tangu miaka ya 1870. Tunamkumbuka kwa bunduki na watumwa, na ni haki tumkumbuke hivyo. Watu wetu waliuzwa. Lakini aliacha maisha yake yameandikwa kwa Kiswahili, na ndani yake anaeleza jinsi alivyopata utemi wa Utetera. Alikuwa amesikia kwamba mtemi mzee, Kasongo Rushie, zamani alipoteza dada zake wawili, walitekwa. Akajifunza majina yao, akajifunza kisa chote. Kisha akaenda kwa mtemi akasema: bibi yangu ni mmoja wa wale dada zako. Mzee akaamini, akampokea kama damu yake, akamwachia nchi pamoja na pembe zake. Anasimulia mwenyewe bila haya. Nikiwa mwamuzi na mchezaji akaniletea mpango huo mezani, ningemwambia atupe dadu, na ningetamani ishindikane.

Nguvu ya watu wa Kasongo ilijengwa kwa njia ya kete. Walioshika bunduki za wakubwa wa Kiswahili na Kiarabu wengi walikuwa wana wa Maniema wenyewe, waliotekwa au kujiunga, waliopewa jina, nguo, na Kiswahili hiki tunachokiongea. Waliliwa, wakapandwa upande wa pili. Maarufu zaidi ni Gongo Lutete. Inasemwa utotoni alikuwa mtumwa. Akapanda hadi kuwa mkubwa wa Ngandu, kwenye Lomami, mwenye maelfu ya wapiganaji, na pembe zake zikienda Kasongo.

Mwaka 1892 majeshi ya Dola Huru ya Congo, ya Leopold, chini ya Francis Dhanis, yalimpiga. Na Dhanis hakumuua. Walipatana. Gongo Lutete akahama na watu wake wote. Sefu, mtoto wa Tippu Tip aliyebaki Kasongo baada ya baba kurudi Zanzibar, akadai arudishiwe mtu wake. Hakurudishiwa. Akavuka Lomami na vita ikaanza, Novemba 1892. Someni majina na tarehe zinazofuata mkiwa na bao kichwani: Nyangwe ilianguka tarehe 4 Machi 1893, Kasongo tarehe 22 Aprili, na Januari 1894 Rumaliza akashindwa na Kabambare ikachukuliwa. Maofisa Wazungu katika vita hiyo walikuwa wachache kabisa. Walioteka Kasongo kwa mikono yao walikuwa kwa sehemu kubwa watu wa Gongo Lutete, walewale waliokuwa wa Kasongo mwaka mmoja kabla. Safu ya mbele ya Sefu ilikuwa imeliwa kabla ya risasi ya kwanza.

Daktari Hinde, Mwingereza aliyekuwa upande wa Dhanis, aliandika kitabu mwaka 1897 juu ya vita hiyo. Kisomwe kwa tahadhari, ni mshindi anayesimulia. Ila mimi kama agronomo nilisimama kwenye kurasa za Kasongo yenyewe: maghala ya mpunga, kahawa, mahindi, bustani za machungwa, mapera na makomamanga. Nyumba iliyojaa. Niliona bao langu mwenyewe pale, kete zote ndani ya nyumba, na mbele tupu.

Kisha upande ulioshinda ulifanya kosa ambalo mzee jirani yetu asingelifanya. Septemba 1893, huko Ngandu, maofisa wa Dola walimshtaki Gongo Lutete usaliti, wakamhukumu haraka, wakampiga risasi. Ndiyo, mtu aliyewapa Kasongo. Wapiganaji wake wakabaki ndani ya jeshi la Dola, wengi wakapelekwa kambi ya Luluabourg. Julai 1895 kambi ile iliasi. Februari 1897 msafara wa Dhanis mwenyewe, ukiwa njiani kuelekea Nile, ukaasi huko Ndirfi. Vitabu vinawaita wote Batetela, ingawa kulikuwa na watu wa makabila mengi ndani yao. Waasi wakashuka kusini, wakipigana mwezi baada ya mwezi, na Novemba 1898 wakateka Kabambare. Kabambare yetu. Wazee wetu waliona kete zilezile zikipita mara ya tatu, kila mara zikiwa za mwingine.

Historia tuliyofundishwa shuleni ina pande mbili: Waarabu na Wabelgiji, nani alishinda, mwaka gani. Imeandikwa kama mechi. Watu wa hapa katikati wanaonekana kama vifo na hasara, namba. Ukiisoma kama bao unaona watu wanaohama, na unalazimika kuuliza waliahidiwa nini, walilipwa nini, na walipokosa walifanya nini.

Nilimweleza haya yule kijana wa msituni, kwa kifupi, tukiwa tunangoja wenzake. Alisikiliza. Akauliza kama Gongo Lutete alikuwa na watoto. Nikasema ndiyo, alikuwa nao. Akatingisha kichwa, akaanza kupanga vikaratasi.

Likizo iliyofuata tuliendelea pale tulipoishia. Wale vijini wanne bado wako kwenye karatasi yao; wachezaji waliwapa majina, mmoja anaitwa Samaki. Nikiwa mwamuzi nimesoma tena ule uaminifu wa 1974, na niliona miezi mitano ya mchezo imepita, mihogo imeisha, na kundi limepata dhahabu pangoni bila kuwagawia kitu. Nikatupa dadu mbili nyuma ya daftari langu. Nikawaambia: asubuhi mnaamka, Samaki na wenzake wamesimama mlangoni, na silaha zao hawajaziweka chini. Wanataka kujua mshahara wao uko wapi.

Wale wengine watatu wakacheka. Mmoja, huyo anayesoma mwaka wa mwisho wa sekondari, akasema, tuko na nguvu sasa, tuko daraja la tatu, tunawamaliza kwa dakika mbili. Ni kweli, kwa hesabu ya kitabu wangewamaliza.

Yule wa msituni hakucheka. Akafungua karatasi yake, akasoma kiasi cha dhahabu, akaanza kugawanya kwa kalamu. "Ya miezi mitano," akasema, "na samaki juu." Wenzake wakakataa. Mabishano yakachukua jioni yote hadi giza likaingia, na mzee akatuita tumuachie nafasi chini ya mwembe.

Bado hawajakubaliana. Vijini wako mlangoni.